Kope Zinazolegea Umri Ukisogea: Jinsi ya Kutambua Kilichoshuka Kabla ya Kuchagua Upasuaji

Mtu aliyevuka miaka 45 akiona macho yake yameanza kufanana na ya mtu aliyekesha, kwa kawaida hukimbilia duka la miwani kwanza, kisha huanza kutazama picha za watu waliofanyiwa upasuaji. Njia zote mbili zinaweza kumpotezea muda na fedha, kwa sababu maneno "kope zimelegea" yanabeba mambo manne yasiyofanana: ngozi iliyozidi kwenye kope ya juu, msuli wa kunyanyua kope ulioachia, nyusi zilizoteremka, na mafuta yaliyotokeza chini ya jicho. Kila moja lina upasuaji wake. Upasuaji wa jambo moja hautibu jingine, na mara nyingine hulizidisha.

Mama mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Tanga, alipofikisha miaka 54 alianza kusahihisha madaftari akiwa ameinua kidevu, kama mtu anayesoma kibao kilichotundikwa juu ya mlango. Kila jioni kichwa kilimuuma, maumivu yakikaa juu ya nyusi. Duka la miwani alilokwenda lilimbadilishia lenzi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na maumivu hayakuondoka. Daktari wa macho aliyemwona baadaye hakuanza na mashine yoyote. Alimwambia, "Mama, funga macho, legeza uso," akamshika paji la uso kwa kidole gumba ili lisisogee, kisha akamwomba afumbue. Kope zilipanda mpaka nusu ya mboni zikaishia hapo. Kumbe kwa miaka kadhaa alikuwa akifumbua macho kwa nguvu za paji la uso, na misuli hiyo, iliyofanya kazi isiyo yake tangu asubuhi, ndiyo iliyokuwa ikimuuma jioni.

Kabla ya kuendelea, neno "kope" hapa nalitumia kwa maana ya kigubiko cha ngozi kinachofunika jicho. Nywele zake nitaziita nywele za kope. Tena, upasuaji ninaouzungumzia si ule wa wagonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao katika maeneo mengi ya Tanzania na Kenya ndio unaowajia watu akilini wakisikia kwamba fulani amepasuliwa kope. Ule hugeuza ukingo wa kope ili nywele zilizopindia ndani zisiendelee kukwaruza kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Ikiwa tatizo lako ni nywele zinazochoma jicho, usisubiri kumaliza kusoma mwongozo huu. Nenda kliniki ya macho, kwa sababu kioo kilichokwaruzwa kwa muda mrefu hupata kovu lisilofutika.

Kujipima mbele ya kioo

Keti karibu na dirisha mchana, kioo kikiwa sawa na usawa wa macho. Usitumie kamera ya simu iliyoshikwa karibu na uso, kwa kuwa hupotosha vipimo na kuifanya pua na macho vionekane tofauti na vilivyo. Funga macho, hesabu hadi kumi huku ukilegeza uso, kisha weka kiganja kwenye paji la uso na ufumbue macho bila kuruhusu nyusi zipande. Hapo ndipo utakapoiona hali yako halisi.

Tazama kwanza ukingo wa kope ya juu, pale nywele zinapoota. Daktari hupima umbali kutoka katikati ya mboni, mahali ambapo mwanga wa tochi unang'aa, hadi kwenye ukingo huo, na kwa mtu mzima asiye na tatizo umbali huo huwa kama milimita 4 hadi 5. Ukiona ukingo wenyewe umeshuka hata kuikaribia au kuifunika sehemu ya mboni, tatizo lako ni la msuli au kano yake. Ukiona ukingo uko mahali pake lakini mkunjo wa ngozi umening'inia juu yake, ukiegemea nywele za kope kama pazia lililokatwa refu kupita dirisha, tatizo ni ngozi. Watu wengi wana yote mawili, na ngozi ikiwa nyingi huficha kope iliyoshuka. Ndiyo sababu daktari huinyanyua ngozi kwa kidole kabla ya kupima.

Kisha weka kidole juu ya unyusi na uupandishe taratibu hadi kwenye ukingo wa mfupa ulio juu ya jicho. Kwa wanawake unyusi hukaa juu kidogo ya mfupa huo, na kwa wanaume hukaa sawa nao. Ikiwa mkunjo wa kope unatoweka mara unyusi unaporudi mahali pake, hasa upande wa nje, basi kilichoshuka ni unyusi, na kope imebebeshwa lawama isiyo yake.

Kope ya chini ina vipimo vyake viwili. Ukiangalia juu bila kuinua kichwa, vifuko vya mafuta hutokeza zaidi, ilhali uvimbe wa maji haubadiliki sana. Halafu vuta kope ya chini kuelekea shavuni na uiachie bila kupepesa jicho: inapaswa kurudi papo hapo. Ikibaki imeachana na jicho mpaka upepese, basi imelegea, na habari hiyo ni ya lazima kwa daktari kabla hajaigusa, kwa sababu kope ya namna hiyo ikipunguzwa ngozi bila kukazwa hugeukia nje.

Dalili zinazotangulia mazungumzo yoyote ya upasuaji

Kope ya uzee hushuka polepole, kwa miezi na miaka. Kope iliyoshuka ghafla, kwa siku moja au mbili, ni jambo jingine kabisa. Ikiwa imeambatana na kuona vitu viwili-viwili, maumivu makali ya kichwa, au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa neva inayoendesha jicho inaweza kuwa imebanwa na mshipa wa damu uliovimba ndani ya kichwa. Mboni ikiwa ndogo upande ule ule wa kope iliyoshuka, nako kunahitaji uchunguzi wa haraka, kwani chanzo chaweza kuwa shingoni au kifuani.

Kope inayokuwa nzuri asubuhi na kushuka kila jioni, hasa kwa mtu ambaye pia huchoka kutafuna au kumeza, humfanya daktari afikirie ugonjwa wa udhaifu wa misuli unaoitwa miasthenia. Kipimo kimoja chake ni rahisi kiasi cha kushangaza: kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa huwekwa juu ya kope iliyofungwa kwa dakika mbili, na kope ikipanda baada ya hapo, dalili hiyo inaelekeza kwenye ugonjwa huo wala si uzee. Macho yaliyotokeza, mekundu, yenye kope zilizovimba yanaweza kutokana na tezi ya shingo, na upasuaji wa kope kwa mgonjwa wa namna hiyo husubiri mpaka ugonjwa utulie kwa miezi kadhaa. Uso na macho yanayovimba kila asubuhi na kunywea mchana yanadai kipimo cha mkojo na figo kabla ya chochote. Mabaka ya manjano karibu na pua kwenye kope yanaweza kukatwa, lakini kwanza pima mafuta ya damu.

Ngozi iliyozidi kwenye kope ya juu

Huu ndio upasuaji unaofanywa zaidi. Daktari huchora mistari kwa kalamu ukiwa umeketi, kwani ukilala ngozi hubadilika mahali na mstari uliochorwa hapo utakudanganya. Mstari wa chini hufuata mkunjo wa asili wa kope, ambao kwa watu wengi uko milimita 7 hadi 10 juu ya nywele za kope, na hapo ndipo kovu litakapojificha utakapofumbua jicho. Mstari wa juu hupatikana kwa kubana ngozi kwa koleo mpaka iliyozidi ikunjike bila jicho kufunguka. Ipo kanuni ya zamani inayozingatiwa hadi leo: kati ya unyusi na nywele za kope ibaki ngozi isiyopungua milimita 20, la sivyo jicho halitafunga vizuri usiku. Ndiyo maana daktari mzuri utamwona anapima kitakachobaki kwa makini kuliko kitakachoondolewa. Ngozi iliyobaki kupita kiasi inaweza kukatwa tena baada ya mwaka. Iliyokatwa kupita kiasi itabidi ijazwe kwa kupandikiza ngozi iliyotolewa nyuma ya sikio, nayo haitafanana na ile ya mwanzo.

Kazi hufanywa kwa sindano ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini ili damu ipungue, mgonjwa akiwa macho au akiwa amepewa dawa ya kumtuliza, na kwa macho yote mawili huchukua takribani saa moja. Kope ya juu ina vifuko viwili vya mafuta, cha katikati na cha karibu na pua. Zamani mafuta hayo yalitolewa kwa wingi, na wengi wa waliotolewa walibaki na macho yaliyobonyea, yanayowaongezea umri. Siku hizi hupunguzwa kidogo tu, hasa kile cha karibu na pua. Upande wa nje hakuna kifuko cha mafuta. Kilichopo hapo ni tezi ya machozi, ambayo nayo huweza kuteremka na kuonekana kama mafuta, na ikikatwa kwa makosa jicho huweza kubaki kavu. Muulize daktari wako atafanya nini akiikuta tezi hiyo imeshuka. Jibu sahihi ni kuirudisha na kuishona mahali pake.

Msuli wa kunyanyua kope

Kama ukingo wenyewe umeshuka, kukata ngozi peke yake ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mara nyingi kwa watu wa makamo msuli wenyewe ni mzima. Kilichoachia ni kano yake, ambayo hunyooka au kubanduka pale ilipojishika kwenye kope. Waliovaa lenzi za kubandika machoni kwa miaka mingi, wenye tabia ya kufikicha macho, na baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hupata hali hii mapema zaidi. Daktari huthibitisha uzima wa msuli kwa kuweka rula mbele ya jicho na kukuomba utazame chini kabisa kisha juu kabisa huku akiwa amekushika paji: ukingo wa kope ukitembea milimita 12 au zaidi, msuli una nguvu, na kuirudishia kano mahali pake kutatosha.

Njia ziko mbili. Ya kwanza hupitia kwa mbele, kwenye mkunjo wa kope, ambako kano hutafutwa, husogezwa mbele na kushonwa, na ngozi iliyozidi huondolewa kwa mpasuo huo huo. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa huamshwa au huketishwa kitandani katikati ya kazi, daktari akamtazama usoni na kukaza au kulegeza uzi mpaka kope mbili zilingane. Mama mdogo alifanyiwa hivi, naye husimulia kwa kicheko jinsi alivyoambiwa, "Mwalimu, hebu tazama ukutani," akajikuta anasoma saa iliyokuwa pale bila kuinua kidevu. Ya pili hupitia ndani ya kope na kufupisha msuli mdogo ulio nyuma ya ule mkubwa. Haiachi kovu la nje, lakini huwafaa zaidi wale ambao kope zao hupanda wanapodondoshewa dawa ya fenilefrini ya asilimia 2.5, kipimo hicho huchukua dakika chache na hufanyika kliniki.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa hulalamikia bila kujua kwamba linatarajiwa. Ubongo hupeleka amri moja kwa kope zote mbili, hivyo kope iliyoshuka inapopandishwa, amri hupungua na ile ya pili, iliyodhaniwa kuwa nzima, huteremka. Daktari anapaswa kulipima hili mapema, kwa kuinyanyua kope mbovu kwa kidole na kuitazama nyingine. Kama hakulipima, ulizia.

Nyusi

Kwa mtu ambaye nyusi zake zimeteremka, kukata ngozi ya kope huzivuta chini zaidi, na baada ya miezi michache mkunjo hurudi huku nyusi zikiwa zimekaribia macho na uso umekuwa mzito. Hapo unyusi ndio unaopaswa kupandishwa: kwa mpasuo ulio juu yake moja kwa moja, ambao una nguvu lakini kovu lake huonekana, hivyo huwafaa wenye nyusi nene au mikunjo mirefu ya paji inayoweza kulificha; au kwa matundu madogo ndani ya nywele za kichwa, kwa kutumia kamera ndogo. Baadhi ya madaktari huukaza unyusi kwa ndani, kupitia mpasuo ule ule wa kope, ingawa njia hiyo hupandisha kidogo tu.

Mifuko ya chini ya macho

Kope ya chini ina vifuko vitatu vya mafuta vilivyozuiwa na utando mwembamba, na utando huo ukidhoofika vifuko hutokeza kama godoro lililochanika upande. Kwa mtu wa miaka 45 hadi 60 ambaye ngozi yake bado haijajikunja sana, mimi ningeulizia kwanza njia ya kupasua kwa ndani ya kope, kwani haina nyuzi za nje na hatari ya kope kugeukia nje ni ndogo. Mafuta hupunguzwa, au huteremshwa na kutandazwa kwenye bonde lililo kati ya kope na shavu, na mara nyingi kuyatandaza huleta sura ya asili zaidi kuliko kuyatoa. Mwenye ngozi iliyozidi sana hupasuliwa chini kidogo ya nywele za kope, na huyu ndiye ambaye kipimo cha kuvuta na kuachia kinamhusu: kope yake ikiwa imelegea, ni lazima pembe ya nje ikazwe kwenye mfupa wakati huo huo.

Weusi wa chini ya macho, ambao wengi wetu tumeurithi pamoja na rangi ya ngozi, hauondoki kwa kisu. Upasuaji unaweza kuondoa kivuli kinachotupwa na kifuko, lakini rangi iliyo ndani ya ngozi hubaki. Anayekuahidi kuwa upasuaji wa mifuko utakung'arisha chini ya macho anakuuzia asichokuwa nacho.

Njia zisizo za kisu

Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matone ya oksimetazolini ya asilimia 0.1 kwa kope zilizoshuka ukubwani. Hupandisha kope kwa milimita moja hivi kwa saa kadhaa, kisha nguvu huisha, na hayaondoi ngozi wala mafuta. Usijaribu kuyabadilisha na dawa ya pua yenye jina linalofanana. Haikutengenezwa kwa ajili ya jicho. Sindano za botulini, zinazolegeza misuli, zinaweza kuupandisha unyusi kidogo kwa miezi mitatu au minne, lakini zikichomwa vibaya huishusha kope yenyewe kwa wiki kadhaa. Kwa mtu ambaye hali yake ya moyo au mapafu haimruhusu kupasuliwa, fundi wa miwani anaweza kuweka waya mwembamba kwenye fremu, ukaishikilia kope juu. Ni kifaa cha zamani, lakini kinafanya kazi.

Nina shaka kubwa na vile vikalamu vya umeme vinavyochoma ngozi ya kope kwa vidoti, vinavyotangazwa na baadhi ya saluni. Ngozi nyeusi ikiungua hujibu kwa madoa ambayo huweza kudumu miezi mingi, na milimita chache chini ya ngozi ile ndiko jicho liliko. Leza nayo kwa ngozi zetu inahitaji mkono uliozoea ngozi zetu.

Kumchagua daktari na kuzungumza naye

Anayefaa ni daktari bingwa wa macho aliyebobea katika upasuaji wa kope, au daktari wa upasuaji rekebishi anayefanya kazi hiyo mara kwa mara. Tanzania Bara usajili husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya na baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno. Majina yanaweza kuthibitishwa kwao, na hakuna daktari wa kweli atakayeudhika ukimwomba namba yake ya usajili. Muulize ni kope ngapi za aina yako amezifanya mwaka uliopita, nani atapokea simu yako usiku wa siku ya upasuaji, na marekebisho yakihitajika nani atayalipia. Omba gharama zote kwa maandishi, pamoja na chumba, ganzi, dawa na siku za kurudi. Anayesafiri kwenda India au Uturuki kwa ajili hii apange kubaki huko mpaka nyuzi zitolewe na daktari amwone tena, kwa kuwa matatizo mengi hujitokeza katika siku zile za mwanzo.

Kuhusu bima, kanuni ya jumla katika nchi nyingi ni kwamba upasuaji wa urembo haulipiwi, bali ule wa kope inayozuia kuona unaweza kufikiriwa. Nchini Marekani, Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, hudai ushahidi, na Uingereza nako huduma ya umma haigharamii urembo. Ushahidi wenyewe ni picha pamoja na kipimo cha upeo wa kuona kinachofanywa mara mbili: kope zikiwa zimeachwa zilivyo, kisha zikiwa zimepandishwa kwa utepe. Uliza bima yako kwa barua kabla ya kulipa chochote, wala usitarajie kope ya chini iingie humo.

Maandalizi na siku zinazofuata

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Aspirini, klopidogreli na warfarini, ambazo huzuia damu kuganda, huongeza kuvuja kwa damu, lakini usiache hata moja kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia kwa ajili ya moyo au kiharusi ndiye wa kusema iachwe au iendelee. Vidonge vya vitunguu saumu, vitamini E na mafuta ya samaki navyo vitajwe. Presha na sukari vitulie kwanza. Mvutaji wa sigara aache wiki kadhaa kabla. Anayetumia mkorogo usoni aseme bila haya: krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchelewesha kidonda, na zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mwenye macho makavu apimwe machozi, na aliyerekebishwa macho kwa leza asubiri angalau miezi sita.

Baada ya upasuaji, kitambaa cha baridi huwekwa kwa dakika kumi au kumi na tano, mara nyingi kwa siku, katika saa 48 za mwanzo, na mgonjwa hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Kwa wiki moja au mbili asiiname, asijitwike ndoo, asiinue watoto, wala asipulizie jiko la mkaa. Anayeswali aswali akiwa ameketi kitini na kuashiria sijda, kwani kichwa kikiteremka chini ya kifua damu hujaa machoni. Na kuhusu udhu amuulize daktari siku ambayo maji yataruhusiwa kugusa nyuzi. Wanja na kope za kubandika vingoje mpaka daktari aruhusu. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya tano na ya saba, uvimbe na weusi wa damu iliyovia hupungua ndani ya wiki mbili, na kovu huendelea kufifia kwa miezi. Wengi huogopa keloidi, hasa waliozipata masikioni au kifuani. Kwenye ngozi nyembamba ya kope keloidi ni nadra sana hata kwa watu weusi, ingawa historia hiyo itajwe.

Yapo maumivu ambayo hayafai kuvumiliwa. Damu kuvuja nyuma ya jicho hutokea kwa kadiri ya mtu mmoja katika 2,000, mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo. Ishara zake ni maumivu yanayozidi kwa kasi, jicho kukaza na kutokeza, na kuona kupungua. Hapo usingoje asubuhi wala usimeze dawa ya maumivu ukalala: rudi hospitali mara moja, kwa sababu neva ya kuona haistahimili mbano kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo hiyo usifunikwe macho yote mawili usiku ule, na kila ukiamka lijaribu jicho moja moja kama linaona.

Jicho kutofunga vizuri na kuwasha kwa ukavu katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, na matone ya machozi ya bandia mchana pamoja na malhamu ya macho usiku hulitunza. Kuona nako huyumba kidogo, kwani kope iliyobadilisha mahali hubadilisha pia namna inavyoelemea kioo cha jicho, na kipimo cha miwani kikichukuliwa mapema kitakuwa cha uongo. Subiri miezi mitatu. Mama mdogo alisubiri minne, akaenda kupimwa na zile miwani mbili za mwanzo mkononi. Fundi alizijaribu moja baada ya nyingine, akamwambia ile ya kwanza kabisa, aliyokuwa nayo kabla ya kubadilishiwa lenzi, bado inamtosha.